Kofi la Dereva

Kompyuta ile ilikuwa imezoea kupigwa. Ikigoma kuwaka, baba aliizunguka, akaipima kwa macho kama mtu anayetafuta shavu, kisha akaizaba kofi moja la ubavuni, nayo ikakohoa na kuwaka. Alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, na kwenye lori, stata ikigoma unaigonga na spana, safari inaendelea. Mzoea punda hapandi farasi. Alipostaafu na kukuta kompyuta ndani ya nyumba yake, aliitawala kwa sheria zilezile za barabarani.

Asubuhi ile kofi halikusaidia. Skrini ilibaki nyeusi, na tumboni mwa kompyuta ikasikika sauti ndogo: ta, ta, ta, kimya, kisha ta, ta, ta tena. Binti yake mkubwa alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akiwahi kwa dobi alikopiga pasi mashuka ya watu kutwa nzima akiwa wima.

"Baba, usiiguse tena. Nikitoka kazini naipeleka kwa fundi."

"Huo ni ukaidi wake tu. Ikipata joto itawaka."

"Baba. Nakuomba."

Alikuwa amechoka kabla siku haijaanza. Tangu mama yake apigwe na kiharusi, binti alilala kwa vipande, sikio moja likiwa chumba cha pili. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umekufa ganzi, na ulimi nao umegoma. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mwanamke aliyeweza kusema kutwa bila koo kumkauka, sasa hakuwa na hata neno la kuombea maji. Hospitalini, mtaalamu aliyekuwa akimfundisha kuongea upya alisema, "Kama mna sauti yake mahali, mwekeeni aisikie. Wapo wanaoipata njia kwa kuifuata sauti yao wenyewe."

Na sauti ilikuwepo. Kila alipoandaa somo, mama alijirekodi kwenye kompyuta, ajisikilize kwanza kabla ya kwenda kuwachosha watu wazima wenzake. Kwenye simu hakukuwa na kitu. Mama hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Alikupigia na kukufokea papo hapo. Wala hakuna aliyewahi kufikiria kuyanakili masomo yale mahali pengine. Nani ananakili sauti ya mtu aliye jikoni anapiga kelele?

Jioni baba alimbebea kompyuta hadi barabarani, kwa upole usio wake, akaipangusa vumbi kabla ya kumkabidhi. Binti alishukuru. Miguu ilikuwa imemvimba, hakuwa na nguvu ya kushangaa.

Fundi alikuwa na kijiduka chini ya ngazi za jengo la maduka, ukisimama vibaya unagonga kichwa. Alifungua kompyuta, akachomoa diski, akaiunganisha na mashine yake na kuitegea sikio.

"Hii inakufa, dada. Haijafa, inakufa. Humu ndani kuna sahani inazunguka, na kuna kitu kama sindano kinapita juu yake kikisoma. Ukiitikisa, sindano inakwaruza. Iliangushwa?"

"Inapigwa makofi."

"Na nani?"

"Baba yangu."

Fundi alitikisa kichwa, lakini hakucheka. "Kofi husaidia mara mojamoja. Ndiyo ubaya wake, mtu anazoea. Sasa, tangu ianze kugonga hivi, kuna aliyeiwasha tena?"

"Hakuna. Nilikataza."

"Mbona imekuja na joto?"

Binti aliweka kiganja juu ya bati la kompyuta. Lilikuwa vuguvugu bado. Basi baba alishinda nayo kutwa nzima, akiwasha na kuzima, akiwasha na kupiga. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alimkuta sebuleni, mbele ya meza iliyobaki tupu.

"Umeiwasha."

Baba aliitazama mikono yake mikubwa. "Nilitaka ukirudi uikute inaongea."

"Uliyekuwa unampiga si kompyuta, Baba. Ni Mama."

Neno lilimtoka kwa uchovu, na likishatoka halirudi. Baba aliinuka akaenda kukaa kando ya kitanda cha mkewe, na chakula cha jioni kilipoa mezani. Binti alijuta kabla hajamaliza kuvua viatu, lakini hata kuomba radhi kunataka nguvu.

Fundi alikwenda na ile diski taratibu. Aliisoma kidogo, akaiacha ipoe, akaisoma tena. Mdogo wake binti, aliyeishi mbali lakini hodari wa ushauri kwenye simu, aliagiza diski iwekwe kwenye friza, ati baridi itaiponya. "Njoo uiweke wewe," binti alimwambia, akakata.

Mwisho fundi akamwita. "Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Nimezoa tone. Ni rekodi moja, fupi, na sijui ina nini. Nyingine zote zimekwenda." Akamwekea kwenye simu.

Binti hakuisikiliza njiani. Alifika, akaketi sakafuni kando ya kitanda, mgongo ukutani. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kama siku zote hizo. Akabonyeza.

"Haya, wanafunzi wangu," sauti ya mama ikajaa chumbani, nene, yenye amri. Mama pale kitandani akafumbua macho. "Leo tunaanza na..."

Paa!

"Dereva! Siyo lori hii!"

"Ilikuwa inasinzia, Mwalimu. Nimeiamsha."

"Inasinzia wapi, na mimi narekodi? Utaiua, na mimi nimo humu ndani!"

Kisha mama akacheka, cheko refu la watu wawili waliozoeana, na rekodi ikakatika hapohapo. Somo lenyewe halikuwemo. Katika masomo yote yale, kilichopona ni ugomvi.

Baba alisimama, uso umemvunjika, akataka kutoka. Mkono wa kushoto wa mama ukamwahi. Ulimshika kifundo cha mkono, ukamwachia, ukampiga kofi dogo juu ya kiganja, la kukaripia. Kisha ukamshika tena, na safari hii haukumwachia. Midomo yake ilihangaika. Neno halikuja.

Binti alilia bila kujifuta, maana mikono nayo ilikuwa imechoka.

"Nisamehe, Baba," akasema.

Baba aliketi tena taratibu, mkono wake ukiwa bado umeshikwa.

"Rudia," akasema. "Pale anaponigombeza."