Mwezi wa Warusi na Mpunga wa Ruaruke

Mrisho alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hajui kusema uongo, hata ule mdogo wa kutuliza watu. Ndiyo maana watu wazima na akili zao walikimbia mashamba mchana kweupe, mpunga ukiwa umeshaanza kuinama.

Ilikuwa hivi. Mrisho, mwalimu wa shule pale Ruaruke, alikwenda Kibiti, na huko, kwenye duka lenye redio, akasikia kwamba Warusi wamerusha mwezi wao wa chuma, unaizunguka dunia, na siku zile utaonekana ukipita jua likishazama. Alirudi na baiskeli jasho likimtiririka, akawatangazia watu wote barazani. Mama yake, Bi Mwanaamina, akauliza mbona hauanguki. Mwalimu akajibu kama alivyofundishwa: unaanguka, mama, tena unaanguka kila saa. Haya, nani alimpa nafasi ya kumalizia? Asubuhi madungu yote bondeni yalikuwa matupu. Nani atakaa juu ya kichanja kulinda mpunga, huku chuma cha Mrusi kinamjia utosini?

Akabaki Mwanamkuu peke yake. Mumewe, kaka yake Mrisho, alikuwa Mbwera anakata mikoko, na chakula cha mwaka mzima cha wanawe kilikuwa pale pale, masukeni. Na kuamia ndege si kazi ya mtu mmoja. Jirani akiacha shamba lake, ndege wake wote wanahamia kwako. Mwanamkuu alipiga kombeo tangu alfajiri mpaka bega likawaka moto. Akiwafukuza huku, wanatua kule. Alitamani kulia kwa hasira.

Adhuhuri Mrisho akaja mpaka chini ya dungu, ameinamisha kichwa.

"Shemeji, umetumaliza," Mwanamkuu alimwambia. "Panda huku uniambie. Unaanguka au hauanguki?"

Mrisho akapanda. Akamwambia arushe bonge la udongo kivivu, likaanguka karibu. Arushe kwa nguvu. Likaanguka ng'ambo ya kijito. Kisha akamwuliza, kule Mbwera chombo kikienda zake mbali, huanza kupotea nini. Mwanamkuu akasema tumbo lake, mlingoti ndio wa mwisho, nani asiyejua hilo? Basi ni kwa sababu dunia imejikunja, Mrisho akasema, na sasa sauti ilimtetemeka kwa furaha. Mkono ungekuwa na nguvu za ajabu, na pasiwe na upepo wa kulipunguzia bonge mwendo, kila linaposhuka lingekuta ardhi nayo imeshuka chini yake. Lingeanguka na kuanguka, likaizunguka dunia nzima bila kuigusa.

Mwanamkuu aliligeuzageuza kombeo mkononi. Halafu likamwingia. Akasimama ghafla hata dungu likayumba.

"Kumbe unaanguka, ila ardhi unaikosa!"

"Unaikosa kila mara," Mrisho alisema. "Na mwezi wetu wenyewe ni hivyo hivyo, tangu ulipoumbwa."

Mwanamkuu alicheka mpaka machozi. Mwezi ule ule wanaoutafuta kwa macho wapate kufunga Ramadhani, kumbe nao unaanguka siku zote! Hakuwahi kufurahi vile tangu arusi yake. Alishuka akapita nyumba hadi nyumba kuwaita watu waje waone, nao wakaja, ila wakasimama mbali na mashamba, miguu tayari.

Jua lilipozama, nuru ikachomoza upande wa magharibi. Ikapanda, nyeupe, bila kelele, ikapita juu ya vichwa vyao moja kwa moja. Mwanamkuu alishafungua kinywa apige kigelegele. Ilipofika upande wa Mafia ikafifia, ikazimika pale pale mbinguni.

Umeanguka Mafia! Watu wakatawanyika wakigongana. Mrisho akajipiga paji la uso. Kivuli! Jua limeshazama kwetu, kule juu lilikuwa bado linaumulika, na sasa umeingia kwenye kivuli cha dunia. Maskini, alikuwa akiieleza migongo ya watu.

Kesho yake Mwanamkuu alishinda dunguni peke yake tena, na pembe moja ya shamba ikaliwa yote. Kiza kilipoanza, Bi Mwanaamina akaja. Alipanda ngazi na magoti yake mabovu, akamshika mkwewe mkono, akasema hatazika mke wa mwanawe kwa ajili ya mpunga, twende nyumbani. Mwanamkuu akamwomba angoje kidogo tu. Na kama kweli umeanguka?

Nuru ikachomoza magharibi.

Bi Mwanaamina alimng'ang'ania mkwewe, kucha zikamwingia. Nuru ikapanda, ikawapita juu. Kikongwe akakaa kitako.

"Bado unaanguka?"

"Bado, mama."

Akautazama mpaka ukazimika upande wa Mafia, palepale ulipozimika jana. Kisha akauachia mkono wa Mwanamkuu, akanyoosha wake.

"Basi na uanguke," alisema. "Nipe kombeo. Alfajiri niko kwenye dungu langu, na kabla ya hapo nitampitia kila mmoja mlangoni kwake."