Vidonge Visivyoandikwa

Hilaria alikuwa akilowesha midomo ya mumewe, Akonaay, kwa kitambaa, aliposikia gari la shamba la ngano likizima nje ya wodi. Akamshukuru Mungu. Tadeo amekuja, na Tadeo atasema.

Tadeo alikuwa mganga wa zahanati ya shamba, tena baba wa ubatizo wa mtoto wao Gervasi. Kwa miaka mitatu, tangu vumbi la ngano limbane Akonaay kifua, alimpa vidonge vyeupe kila siku ili aweze kuendesha kombaini, mashine ya kuvuna ngano. Hakuviandika popote. Alisema kadi ikionyesha ugonjwa, meneja atampa mwingine mashine, na nyumba ya shamba itafuata mashine. Hilaria akaapa kunyamaza.

Juzi Akonaay alipasuliwa, utumbo ulikuwa umejisokota. Sista Imakulata alikataza asipewe kitu mdomoni, na Hilaria akatii, hata vidonge hakumpa. Tangu jana presha ilikuwa ikishuka tu. Chupa za maji ziliingia zikaisha, jasho la baridi halikukauka.

Daktari alisoma kadi. Kila mwezi, mwandiko wa Tadeo: *Mzima. Anafaa kwa kazi.*

"Kuna dawa alikuwa anameza?"

Hilaria alimtazama Tadeo. Tadeo akaizungusha kofia yake mikononi.

"Hapana, daktari. Huyu ni mtu wa afya."

Hilaria alifungua fundo la khanga. Vidonge saba vikadondoka kwenye shuka.

"Hivi, kila siku. Anampa huyu."

Daktari hakumgombeza mtu. Sista akiandaa sindano ya dawa ileile, daktari alimweleza Hilaria kwamba juu ya figo kuna tezi ndogo zinazoupa mwili nguvu ya kustahimili kisu. Vidonge hivi vikizoeleka, tezi hulala, na ukiviacha ghafla haziamki.

Jioni Akonaay aliomba uji. Daktari akaandika yote kwenye kadi. Tadeo alikuwa ameshaondoka, mlangoni alimwambia Hilaria tu, "Mama Gervasi, umeniponza."

Siku Akonaay aliporuhusiwa kutoka hospitali, gari la shamba lilirudi. Dereva alishusha getini godoro, sufuria, jembe na msalaba wao wa ukutani, akampa Hilaria karatasi atie sahihi: mfanyakazi ameacha kazi na kuhama nyumba kwa hiari yake.

Hilaria aliisoma polepole mpaka mwisho, akamrudishia bila sahihi, pamoja na kalamu yake.

"Uongo niliowatunzia miaka mitatu unatosha," alisema, akauokota msalaba, akaufuta vumbi.