Nilivyojitafuta Katika Riwaya ya Mdogo Wangu

Mwaka wa pili sasa nafundisha riwaya ya mdogo wangu, na wanafunzi sijawaambia kwamba mwandishi ni mdogo wangu. Naifundisha vizuri, sijisifu. Tashbihi tunazichambua moja moja, mbinu rejeshi naichora ubaoni kwa chaki nyekundu, na mama anapoondoka na sanduku lake nusu ya darasa hujifanya wana mafua.

Maisha yangu ni mazuri. Nina mume mcheshi na darasa linaloingiza jua la asubuhi. Jambo moja tu lilikuwa limenikaa rohoni. Katika riwaya ile, mama anamwacha mtoto wa miaka sita na baba mgonjwa. Mtoto anapika, anafua, anakwenda shule nywele zimesukwa vizuri, na mwishoni anamsamehe mama yake. Sasa, hayo ni ya kwetu, na kwetu watoto tulikuwa wawili. Aliyepika na kufua ni mimi, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo wangu alimsamehe mama kwa kurasa mia mbili, mimi akanifuta. Niliisoma mara tano nikijitafuta. Hata jogoo wa jirani yumo.

Sikumuuliza. Nilimnunia kistaarabu: simu napokea, salamu natoa, habari za kitabu nageuza.

Juzi mkuu wa shule akamwalika bila kuniuliza. Mdogo wangu akaja na mkoba begani, akakaa kwenye kiti changu, nami nikasimama nyuma kabisa, mikono nimefumbata. Maswali yalikwenda salama mpaka mbishi wa darasa, msichana wa dirishani, alipoinua mkono.

"Samahani, mwandishi. Mtoto wa miaka sita anajisukaje kisogoni? Mimi haliniingii akilini."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana jibu hilo nililitaka kuliko wote.

"Hajisuki," mdogo wangu akasema. "Anasukwa na anayetusimulia."

"Lakini mwalimu alisema msimulizi hayumo kwenye hadithi. Anajua mambo yote kwa sababu anayatazama kutoka nje."

"Hapo mwalimu wenu amewapoteza kidogo. Huyu anajua mtoto ameota nini kwa sababu wanalala kitanda kimoja. Anajua chakula kimeungua kwa sababu kakiunguza yeye."

"Mbona hajitaji?"

"Ndivyo alivyo. Nilijaribu kumwandika kama mhusika, mara tatu. Kila mara nilijikuta namlalamisha, na yeye miaka yote ile sikumsikia hata siku moja akisema amechoka. Nikaona bora nimwachie hadithi yote aisimulie." Akanitazama juu ya vichwa vyao. "Dada, si nilidhani umeshajua? Wewe ndiye mwalimu wa fasihi."

Darasa zima likageuka. Niliona haya mpaka masikioni, na papo hapo nikafurahi. Miaka miwili nimesimama pale nikisoma kwa sauti maneno yangu mwenyewe, nikiwafundisha watoto wa watu kwamba aliyeyasema hayumo.

Nilitaka kusema kitu cha kiualimu. Kilichotoka ni kingine.

"Nilikuwa nimechoka sana, mdogo wangu."

"Najua, dada," akasema, akainuka. "Njoo ukae."