Mtunza Taa Hakuruka

Kwa miaka minane Kasuku alikuwa akimuua mtunza taa mara tano kwa wiki, na Jumamosi mara ya sita.

Jina la Kasuku alipewa tangu shuleni kwa ajili ya mdomo wake. Alipoanza kuongoza watalii katika kampuni ndogo ya mjomba wake, jina likamkaa kama nguo ya kupimiwa. Safari ilikuwa ya siku moja. Basi lenye viti kumi na sita liliondoka mjini saa mbili asubuhi, likafuata barabara ya pwani mpaka inapoishia, likarudi saa kumi na moja jioni. Vituo vilikuwa vinne: jabali linalofanana na ng'ombe aliyelala, ukishaambiwa, ufuko wa mawe meusi, pango ambalo bahari huingia na kutoka kwa mlio kama mtu anayekoroma, na mwisho mnara wa taa, umesimama ukingoni mwa genge, na chini yake mabaki ya chombo cha chuma, yamekwama miambani yakila kutu.

Kwenye mnara huo ndipo palipokuwa na hadithi. Mjomba alimkaririsha neno kwa neno. Hapo zamani mtunza taa alikuwa na mke nyumbani na kipenzi ng'ambo ya ghuba. Tufani ikavuma, naye akaiacha taa akamfuata kipenzi. Taa ikazimika. Meli ikapanda mwamba, watu thelathini na mmoja wakafa maji. Kulipopambazuka mtunza taa akaziona maiti, akapanda juu kabisa ya mnara, akaruka.

Kasuku aliijua hadithi ile kama mtu anavyozijua ngazi za nyumbani kwake gizani. Alijua pa kushusha sauti na pa kunyamaza. Hata dereva, ambaye kila mtu alimwita Taratibu kwa uendeshaji wake, alikuwa na sehemu yake: aliipima kona ya mwisho hivi kwamba maneno "taa ikazimika" yalipotamkwa, mnara ulichomoza mbele ya kioo. Abiria waliguna wote kwa pamoja. Wengine walijifuta machozi.

Jumatano moja walikuwa abiria kumi na mmoja. Viti vya mbele vilishikwa na akina mama wawili, ndugu wa tumbo moja. Dada mtu alikuwa na miaka sabini na moja, mwembamba, ana fimbo na miwani mizito. Mdogo wake alikuwa na sitini na saba, mnene, na sauti isiyohitaji kipaza. Tangu stendi walikuwa wakizozana. Waligombania dirisha. Waligombania nani alisahau kufunga chupa ya chai, maana mkoba ulikuwa umelowa.

"Wewe ndiye uliyemimina mwisho," alisema mdogo mtu.

"Nilimimina kwenye kikombe chako."

Pangoni, watu walipokaa kula mikate yao, dada mtu alimwita Kasuku pembeni.

"Mwanangu, kule mnarani mnaruhusiwa kuingia ndani?"

"Ndani hapana, mama. Tunatazama nje tu. Siku hizi taa inajiwasha yenyewe, hakuna anayekaa."

"Haya. Nje pia ni kuzuri," alisema yule mama, akarudi kwenye mkate wake.

Wakapanda basi. Barabara ikaanza kupinda. Kasuku akakohoa kidogo, akawasha kipaza sauti, akaanza na yule mke wa nyumbani na kipenzi cha ng'ambo. Alipofika "akaiacha taa", mdogo mtu alisimama.

"Simamisha gari."

Taratibu alidhani kona zimemchafua tumbo. Kwa mkono mmoja akachomoa mfuko wa plastiki kutoka chini ya usukani, akaunyoosha nyuma bila kugeuka.

"Sitapiki! Nataka kujua nani kamlisha huyu binti upuuzi huu."

"Kaa chini, mdogo wangu," alisema dada mtu. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana tusijitambulishe. Hatukukubaliana nikae kimya baba yangu akitukanwa kwa kipaza sauti."

Taratibu aliegesha basi kando ya barabara, akazima injini. Ikasikika bahari tu.

"Baba yako?" aliuliza Kasuku, na kipaza sauti kikalirudia swali lake mpaka kiti cha nyuma.

"Baba yetu sisi wawili. Katunza taa ile miaka kumi na tisa. Mwanamke aliyekuwa naye ni mmoja, mama yetu, na alimtosha mpaka akamzidi. Hakuruka popote. Alikufa kitandani kwake akiwa na miaka themanini na mbili. Alimaliza chai, akageukia ukutani, basi."

"Na ile meli iliyozama?" aliuliza kijana mmoja mwenye kamera.

"Ile si meli, ni tishari la mizigo, halina injini. Lilikuwa linavutwa likakatwe chuma chakavu, kamba ikakatika. Sisi tulikuwa tumeshahama. Ndani hakukuwa na mtu, hata panya."

Uso wa Kasuku ulikuwa wa moto.

"Mimi nilifundishwa hivyo, mama."

"Na nani?"

"Na mjomba wangu."

"Mjomba wako alikuwepo?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine, bwana aliyevaa kofia ya maua-maua, akanung'unika kwamba yeye amelipia matembezi, hakulipia kesi. Kasuku alikizima kipaza sauti, akachuchumaa kwenye njia katikati ya viti ili macho yake yawe sawa na ya wale akina mama.

"Naombeni radhi," alisema. "Nilikuwa sijui."

"Ulikuwa hujui, kweli," alisema dada mtu, bila hasira. "Lakini pia hukuuliza."

Neno hilo lilimchoma kuliko makelele yote ya mdogo mtu. Miaka minane. Ni mara ngapi angeweza kuuliza? Fundi anayeitunza mitambo ya taa alikuwa akiishi pale pale chini ya mnara, kwenye kijumba cha vyumba viwili, na Kasuku alikuwa akimwomba maji ya watalii kila siku. Hakuwahi kumuuliza hata nani alikaa pale kabla yake.

Basi lilipofika, Kasuku aliteremka wa kwanza, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa fundi. Akamkuta anafua.

"Nifungulie mnara."

"Unanitafutia balaa? Unajua hairuhusiwi."

"Robo saa tu. Nimekuja na wenye nyumba."

"Wenye nyumba gani?"

Kasuku akamwonyesha kwa kidevu. Akina mama wawili walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa chuma. Dada mtu ameuwekea kiganja, kama anayempima mtoto homa. Fundi aliwatazama muda mrefu. Kisha akajifuta povu mikononi na kwenda kuuchukua ufunguo.

Watu wote waliingia, hata bwana wa kofia. Ndani kulinuka unyevu na mafuta ya mashine. Ngazi zilizunguka ukutani, na kwa kila pumziko kulikuwa na dirisha dogo. Dada mtu alizipanda moja moja, Kasuku nyuma yake kwa tahadhari. Kwenye pumziko la pili palikuwa na chumba cha duara, kitupu, chenye meza iliyojengewa ukutani.

"Hapa tulikuwa tunalala," alisema mdogo mtu. "Kitanda kilikuwa kinapinda hivi, fundi seremala alikifuatisha ukuta. Nilipoolewa nikapewa kitanda kilichonyooka, sikulala wiki nzima."

Kasuku alimpa kipaza sauti kidogo cha kutembea nacho, kwa mazoea. Yule mama akakitazama, akamrudishia.

"Mnanisikia bila hicho," alisema, na walimsikia.

Akawaeleza kwamba taa ya zamani ilizungushwa na mashine yenye uzito wa chuma unaoshuka polepole, kama wa saa kubwa ya ukutani, na baba yao aliupandisha kila baada ya saa tatu. Mzunguko mmoja ulichukua sekunde kumi na mbili. Ilikuwa lazima ziwe kumi na mbili, kwa sababu nahodha aliye baharini huhesabu. Mnara wa sekunde nane ni mahali pengine, bandari nyingine kabisa. Taa inayowaka bila kuzunguka ilikuwa hatari kuliko taa iliyozimika.

"Sasa mwaka mmoja jino la gurudumu likavunjika. Mvua ilikuwa imekata barabara, kifaa kingine hakifiki. Baba akatia mpini, akaanza kuzungusha kwa mkono. Usiku sita. Yeye na mama waligawana, na sisi tukapewa zamu ya mwanzo, tangu jua likizama mpaka saa mbili. Dada alikuwa na miaka kumi na moja, mimi saba. Mmoja anazungusha, mwingine anahesabu kwa sauti. Moja mpaka kumi na mbili, moja mpaka kumi na mbili. Viganja vya baba vilichubuka mpaka mama akavifunga vitambaa, na vitambaa vikagandamana na ngozi. Siku ya saba wakaja na gurudumu. Hakuna chombo kilichopotea njia." Akavuta pumzi. "Na mimi, na udogo wangu wote, sikusinzia hata mara moja. Baba alipenda kusema hivyo."

Dada mtu alikuwa ameketi kwenye ile meza ya ukutani akipumzisha magoti. Akaanza kucheka taratibu.

"Ulisinzia," alisema.

"Mimi?"

"Siku ya tatu. Ulikuwa umekaa juu ya ndoo, ukahesabu mpaka nne, ukanyamaza. Nikazungusha na kuhesabu peke yangu zamu nzima. Baba alipopanda nikamwambia umechoka sasa hivi tu."

Mdogo mtu alisogea mpaka mbele ya meza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulipokuwa na miaka saba ungelia. Ulipokuwa na kumi ulikuwa umeshawasimulia shule nzima. Harusini kwako ulisimulia. Ningesema lini?"

"Miaka sitini!"

"Sitini, ndiyo. Haikuniuma chochote."

Mdogo mtu alikaa kando yake. Meza ikalia. Alimtazama dada yake, akaitazama mikono yake mwenyewe, kisha akamgeukia Kasuku.

"Kumbe si wewe peke yako," alisema, na wote chumbani wakaangua kicheko, isipokuwa bwana wa kofia, aliyekuwa akijifuta macho na kusingizia vumbi.

Robo saa ikawa saa nzima. Walirudi mjini wamechelewa. Akina mama walilala njia nzima, kichwa cha mdogo begani kwa mkubwa.

Mjomba alikuwa ofisini akipanga tiketi za kesho. Kasuku hakukaa.

"Mjomba, ile hadithi ya mtunza taa uliipata wapi?"

"Baharia mmoja alinisimulia. Kuna taa ilizimika mahali."

"Mahali wapi?"

"Sikumbuki. Pengine si hapa."

"Na yule mwanamke?"

"Mwanamke nilimtia mimi. Bila mwanamke abiria walikuwa wanasinzia."

"Na watu thelathini na mmoja?"

"Thelathini kamili wangejua nimetunga."

Kasuku akamweleza yote yaliyotokea, tangu mfuko wa plastiki mpaka ndoo. Mjomba alisikiliza huku akizipanga tiketi zilezile mara ya pili. Alipoambiwa kuhusu mzee aliyemaliza chai na kugeukia ukutani, aliziweka chini.

"Nilidhani wamekwisha wote," alisema. "Kwamba hakuna aliyebaki wa kuumia."

"Sitaisimulia tena."

"Utasimulia watu wanne wanaozungusha mpini? Nani atalia?"

"Asilie."

"Na vipeperushi? Nina maboksi mawili, na picha ya mtu anaruka."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mjomba hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Mwishowe wakakubaliana vitumike, lakini Kasuku aifute aya ile na picha yake. Kwa siku tatu, kila asubuhi kabla ya safari, yeye na Taratibu walikaa ndani ya basi na kalamu nene nyeusi, wakifuta kipeperushi kimoja baada ya kingine. Taratibu alifuta kama alivyoendesha. Kasuku alimaliza boksi lake, akamsaidia mwenzake nusu ya la pili.

Mara ya kwanza hadithi mpya ilianguka chini kama chapati ya maji. Kasuku alikosa pa kunyamaza. Mnara ulichomoza kwenye kona wakati yeye bado anaeleza meno ya gurudumu, na mama mmoja akauliza choo kiko wapi. Mara ya pili aliwahi mno. Wiki ya tatu akajaribu kuwaomba abiria wahesabu naye, moja mpaka kumi na mbili, na Taratibu akaanza kuipima kona upya. Wengine walihesabu, wengine waliona haya.

Mwezi ulipokwisha, mjomba alipanda basi bila taarifa, akakaa kiti cha mwisho kama abiria. Jioni walipoteremka alimsubiri Kasuku mlangoni.

"Ile ya vitambaa kugandamana na ngozi," alisema, "ilete mapema zaidi. Kabla ya kuhesabu. Wakishahesabu wanataka kushuka."