Vijiti vya Kijani

Marehemu mume wangu aliniachia vitu viwili: mdogo wake asiyejua kunyamaza, na kitalu nambari kumi na nne katika bustani ya mtaa. Barua ya kamati ilisema kitalu kisipofyekwa na kulimwa chote ifikapo Jumamosi saa sita mchana, atapewa mtu mwingine. Mume wangu alipokuwa hai sikukanyaga pale hata siku moja. Nilimwambia siendi mahali pasipo na hata pa kukaa, cherehani inaningoja. Sasa nilikitaka kuliko kitu chochote.

Magugu yalifika kiunoni. Shemeji alifyeka mstari mmoja, akapumzikia mitatu.

"Shemeji, haraka haraka haina baraka," akaniambia.

"Na polepole leo haina kitalu. Fyeka!"

Chini ya magugu tulikuta vijiti, kila kimoja kimefungwa kipande cha kitambaa. Vitambaa vyangu! Miaka miwili nilimshuku binti anayenisaidia kushona. Kumbe mwizi nilikuwa nalala naye.

Vijiti vinne vya kitambaa cha kijani vilisimama peke yao kwenye kona, vimezunguka ardhi iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu. Shemeji akapiga jembe, jembe likaruka.

Katibu wa kamati alifika na karatasi zake saa sita kasoro robo. Yeye ndiye anayelima kitalu cha kumi na tatu, na vijiti alivijua.

"Nyekundu vitunguu, njano karoti," alisema. "Kijani ni mahali pa kiti chako, mama. Marehemu alipashindilia mwenyewe, kila jioni. Alisema siku ukija, usipate kisingizio."

Nililia. Shemeji akanyamaza, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Katibu akakohoa. "Pole sana, mama. Ila kanuni inasema kitalu chote. Hapo hapajalimwa, na mwenzako wa kwenye orodha ya wanaosubiri kitalu yuko getini."

Shemeji akainua jembe tena. Nikamshika mkono. Nikachukua ndoo, nikaipindua katikati ya vile vijiti vinne, nikakaa.

"Hapa hapalimwi, pameshapandwa," nikasema.

"Pamepandwa nini?"

"Mimi."

Katibu alinitazama, akatazama saa yake, akatazama getini. Kisha akainamia karatasi, na penye nafasi ya zao akaandika: mke, mmoja.