Mtoko na Mashemeji

Shemeji zangu watatu hawajawahi kunialika hata kikombe cha chai tangu nimwoe dada yao. Kwa hiyo waliponipigia simu kwamba Ijumaa jioni wananitoa, tena kule mtaa wa maghala ya zamani ambako siku hizi wenye nazo ndiko wanakokula na kunywa, nilijua hapo pana jambo. Na jambo lenyewe nilikuwa nalijua. Mke wangu ni muuguzi. Mtaa mzima unamwita Sista, hata mimi. Amepewa cheo cha muuguzi mkuu katika hospitali ya mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na jibu linatakiwa Jumatatu. Kaka zake wanataka abaki amtunze mama yao. Yeye ameshawaambia anakwenda, basi wakaona wamzunguke kupitia kwangu. Nimkataze. Si mimi ndiye mume bwana!

Nilikwenda. Kwa nini nisiende? Chakula cha bure, na jibu langu ninalo mfukoni. Mimi ni fundi cherehani, na si wa kutia viraka, suti zangu ndizo watu wanazovaa siku ya kuoa. Naweza kufunga kazi huku nikaifungua kule, na wateja watakuja tu. Mimi na Sista tulishakubaliana tunakwenda wote.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaninyima raha, na kitu hicho ni mama mkwe. Tunaishi naye nyumbani kwake, na kwake hatoki, alishasema hivyo zamani. Siku nilipokwenda kuposa, wanawe wa kiume walinicheka hadharani, wakauliza fundi nguo atamlisha nini dada yao. Yeye ndiye aliyesema, "Mpeni." Basi huyo mama akiniambia tubaki, nitabaki, na nikibaki mimi, Sista hataondoka peke yake. Na tangu asikie habari ya cheo, mama alikuwa kimya, hasemi ndiyo wala hapana.

Niliwakuta wameshakaa. Mkubwa wao tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hata msibani lazima aongoze kikao. Wa pili ni Dalali, anauza nyumba za watu. Wa tatu ni kitinda mimba, ana ndevu hadi kifuani lakini nyumbani bado wanamwita Mtoto. Mgahawa ulikuwa umejaa. Taa zilining'inia kwenye nyaya juu ya vichwa vyetu, viti virefu miguu haifiki chini, na meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani uliowekwa kioo juu. Nikamuuliza mhudumu kama tugonge kwanza ndipo tule. Alicheka, shemeji zangu hawakucheka.

"Shemeji, agiza chochote," alisema Mwenyekiti. "Leo ni siku yako."

Nikaagiza mbavu za kuchoma, samaki wa kukaanga, viazi vya kuponda, na bia ya baridi. Ilipokwisha nikaagiza nyingine. Wao walikunywa mvinyo, wakiuzungusha kwenye bilauri na kuunusa kama watu wanaokagua maziwa yaliyolala. Halafu wakaanza kunivika kilemba cha ukoka. Eti mimi ndiye nguzo ya familia. Eti koti nililomshonea Dalali limemfungulia milango. Hilo la koti lilikuwa kweli, nikaitikia kwa kichwa huku natafuna.

"Sasa shemeji," Dalali akasogea, "mambo mengine mwanamume anatakiwa kutamka. Dada akienda huko, mama atabaki na nani?"

"Na nyinyi," nikasema.

"Aa, shemeji! Mimi nazunguka na wateja mchana kutwa. Mwenyekiti ana ofisi. Huyu Mtoto hata nyumba hana, amepanga."

"Sista naye ana kazi," nikasema. "Leo yuko zamu ya usiku. Na kabla hajatoka amemwogesha mama, amemkanda magoti, amemwachia jirani ufunguo. Mke wangu anakwenda. Na mimi nakwenda naye. Mbavu hizi ni tamu sana, asanteni."

Nilijisikia vizuri, sitaki kuficha. Mwenyekiti hakukasirika hata kidogo, na hapo ndipo niliposhtuka. Alifuta vidole polepole, akatoa simu, akaiweka katikati ya meza.

"Tulijua utasema hivyo," alisema. "Leo mchana tulikuwa kwa mama. Ana neno lake kwako."

Wallahi bia ilinigeuka mdomoni. Hawa watu walinijua. Walijua sehemu moja tu ninapolainika, na wameipigia hesabu kabla sijavaa viatu. Nikamwona Sista na barua yake ya cheo, jinsi alivyoisoma amesimama jikoni, akarudia kuisoma amekaa. Nikajisemea, fundi, yamekwisha.

Simu ikaita. Mwenyekiti akaongeza sauti ili sote tusikie.

"Mama, tuko na mkweo hapa."

"Mmekula?" mama akauliza.

"Tumekula, mama. Sasa mwambie..."

"Mkwe wangu naye amekula?"

"Nimekula, mama," nikajibu. "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Haya. Mwache mke wako aende. Na wewe nenda naye, usimwache peke yake ugenini. Umenisikia?"

Dalali alikuwa ameinua bilauri, akabaki nayo hewani.

"Mama!" Mwenyekiti akainama juu ya simu. "Si tulikubaliana mchana?"

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi niliitikia tu, maana mlikuwa mmesimama na funguo za magari mkononi."

"Lakini mama, wewe utabaki na nani?"

"Unaniuliza mimi?" Sauti ilipanda, meza ya jirani ikanyamaza. "Mimi nilizaa wanne. Anaondoka mmoja. Hao wengine watatu walikuwa wageni? Sikuzaa mtumishi mmoja na mabwana watatu!"

Tulimsikia anavuta pumzi.

"Nitamlilia mwanangu, ndiyo," akaendelea, taratibu sasa. "Hata leo nimelia. Lakini machozi ni yangu, msiyachukue kwenda kumfungia njia. Baba, mwambie akirudi kutoka zamu asiniamshe, tutaongea asubuhi. Nimelala."

Simu ikakatika. Mimi machozi yalinitoka pale pale, mbele ya watu na taa zao, na sikuona haya. Nilimpenda yule mama kupita nilivyowahi kumpenda. Mwenyekiti alikuwa anaitazama simu. Dalali akaweka bilauri chini bila kunywa, akasema, "Lo," basi.

Mtoto ndiye aliyeinua mkono kumwita mhudumu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tufungie chakula cha kwenda nacho," akamwambia. "Cha mama yetu."

"Nimfungie nini?" mhudumu akauliza, kalamu tayari.

"Mbavu," akasema Mwenyekiti.

"Mama si aliacha nyama?" Dalali akamuuliza.

"Aliacha lini?"

"Sijui. Labda samaki. Au chumvi ndiyo aliyoacha?"

"Ana meno ya kutafuna?" Mtoto akauliza kwa sauti ndogo. Kisha wote watatu wakanigeukia.

Nilikuwa najua. Najua anakula nini, saa ngapi, na kwa kijiko kipi. Neno lilikuwa ulimini kabisa, nikalimeza. Nikaisukuma simu hadi kwa Mtoto.

"Mpigie. Hajalala huyo, hawezi kulala leo."

Aliichukua, akatoka nje ambako muziki haukuwa mkali. Dalali akamfuata. Mwenyekiti akakaa kidogo, akafunga vifungo vya koti, naye akatoka.

Mhudumu akaniuliza kama wale wazee wanarudi. Nikamwambia wanarudi, wamekwenda kumuuliza mama yao anakula nini.