Minyoo wa Altagras Wasema Walikotoka

Altagras alikula sahani nzima ya mahindi ya kusagwa na maharage kabla ya kwenda kumeza dawa ya matende, maana mwaka uliopita waliomeza na njaa walitapika mbele ya shule. Wilno, mgawa dawa wa mtaa ule wa Leogane, alimhesabia vidonge, akasubiri aonyeshe ulimi.

"Na mguu utapungua?"

"Mguu ndio huo, mama. Dawa inaua minyoo. Mguu utauosha kwa sabuni kila siku."

"Minyoo sina mimi. Mimi nilitegewa unga." Alisema kwa sauti ya kumfikia Ismeli, aliyekuwa mtu wa nne nyuma yake.

Kwa miaka kumi na tisa Altagras aliuambia mtaa kwamba Ismeli alimmwagia unga wa uchawi mlangoni, naye akaukanyaga, mguu ukavimba matende. Chanzo cha ugomvi wao kilikuwa mwanamume ambaye baadaye alihamia Santo Domingo na kuwasahau wote wawili. Tangu hapo hakuna jirani aliyekula ndizi za kukaanga za Ismeli. Alizibeba hadi barabara kuu, akawauzia wasiomjua.

Kesho yake, baada ya misa, Altagras alishikwa na homa ya minyoo kufa, kama Wilno alivyomwonya alipompa vidonge. Saa saba mchana minyoo walianza kuzungumza. Sauti zao zilitoka kwenye kinena, nyembamba, kama redio yenye betri zilizochoka. Wa kwanza alieleza kwamba anakufa na angependa kwanza kusema alikotoka.

"Niliingia na mbu, kifundo cha kushoto, Jumanne. Mbu alitoka kwenye mfereji ulioziba nyuma ya kiwanda cha rumu. Walionitangulia nao walitoka huko huko."

"Na unga?" Altagras aliuliza.

"Unga hatuujui."

Walikuwa kumi na mmoja, na wote walisema hivyo. Majirani walisikiliza wakiwa wamesimama, kisha mmoja akaenda kumwita Ismeli. Alikuja na aproni yake, akabaki mlangoni.

"Nisamehe, shoga," Altagras alisema.

"Sema kwa sauti. Ya kunichafua ulikuwa nayo."

Altagras akainuka na homa yake, akauburuta mguu hadi barabarani. Alisimama kwenye kila mlango, milango arobaini na mmoja, akisema Ismeli hakumloga, ni mbu. Wapiga mabaragumu ya mianzi waliokuwa wakifanya mazoezi wakaungana naye. Ismeli walimweka mbele kabisa, na alitembea taratibu, kidevu juu, asiache mlango hata mmoja. Jioni alikaanga ndizi mara nne, na bado watu walikuwa kwenye foleni.

Wilno aliuandika ushahidi ule, akaupeleka kiwandani. Mlinzi aliurudisha. Bosi alisema yeye hapokei maneno ya minyoo, tena mashahidi wenyewe wamekwisha kufa. Mfereji ukabaki na maji yake ya kijani.

Jumatatu Ismeli aliweka jiko nje ya mlango wake, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Altagras alikaa kando, mguu kwenye beseni la povu, akila ndizi ya moto na kachumbari kali. Mbu akatua mkononi mwa Ismeli. Akampiga, akamtazama kidogo.

"Wa kiwandani huyu," alisema, akageuza ndizi.